Kujifunza Upanga Mrefu wa Kijerumani kwa Njia ya Maandishi

Kazi nyingi za mikono hurithiwa kwa kutazama na kuiga. Fundi humwonyesha mwanafunzi, mwanafunzi hujaribu, hukosea, husahihishwa, na maneno yasemwayo baina yao huwa machache. Kwa hiyo fundi wa mwisho akifa asiache mwanafunzi, kazi hufa pamoja naye, ijapokuwa vyombo vyake vimebaki vizima. Hayo ndiyo yaliyoipata sanaa ya kupigana kwa upanga mrefu katika nchi za Kijerumani. Ilisitawi tangu karne ya 14 hadi karne ya 16, ikafifia katika karne ya 17, na hatimaye hakubaki mtu aliyeipokea kutoka mkononi mwa mwalimu. Vilivyobaki ni panga zenyewe katika nyumba za makumbusho, na miswada katika maktaba.

Hata hivyo, tangu miaka ya 1990 watu wengi wa Ulaya na Amerika wamekuwa wakijifunza upya sanaa hiyo, na mwalimu wao ni maandishi. Makala haya yaeleza maandishi hayo ni ya namna gani, yasomwa kwa utaratibu gani, na ni kiasi gani cha sanaa ya mwili kiwezacho kurudishwa kwa maneno peke yake. Jambo hili lawahusu wataalamu wa lugha kuliko linavyoonekana kwa mara ya kwanza, kwa sababu neno moja likisomwa vibaya, mkono hukosea pamoja nalo.

Upanga wenyewe

Upanga unaozungumzwa hapa hushikwa kwa mikono miwili. Kwa kawaida urefu wake wote wazidi mita 1 na hufika hata sentimita 130, na uzito wake ni baina ya kilo 1.2 na kilo 1.5, ingawa iko iliyozidi kidogo. Una makali pande mbili, ncha ya kuchomea, chuma kilichokingama mbele ya mpini kuilinda mikono, na kifundo kizito mwishoni mwa mpini ili kuusawazisha. Makali yanayomwelekea adui huitwa makali marefu, na yale yanayomwelekea mwenye upanga huitwa makali mafupi. Tena upanga hugawanywa sehemu mbili: kutoka mpini hadi katikati ni Stärke, yaani nguvu, kutoka katikati hadi ncha ni Schwäche, yaani udhaifu.

Jina la Kijerumani, langes Schwert, lina jambo la kuangaliwa. Katika vitabu vya zamani halitaji urefu wa chuma tu, bali lataja pia namna ya kukishika. Mikono yote miwili ikiwa penye mpini, huo ni upanga mrefu. Mkono wa kushoto ukishika bapa lenyewe katikati, upanga ule ule huwa “upanga mfupi”. Msomaji asiyejua hayo hudhani kwamba vitabu vyasimulia silaha mbili, kumbe ni moja.

Uzito nao wataka kukumbukwa. Waandishi wa karne ya 19 waliofuata mtindo wa mapigano wa zama zao waliona kwamba watu wa kale walipigana kwa nguvu za misuli tu. Egerton Castle, aliyechapisha historia yake ya mchezo wa panga mwaka 1885, aliyaona mapigano ya zama hizo kuwa ya ukali usiofundishwa. Lakini chuma cha kilo 1 na nusu katika mikono miwili si mzigo. Hugeuka upesi, na anayekitumia kwa nguvu tupu hushindwa na anayekitumia kwa elimu. Elimu hiyo ndiyo iliyoandikwa katika miswada.

Beti za mafumbo na sherehe zake

Asili ya mafundisho haya, kwa jinsi yalivyoandikwa, ni bwana mmoja aliyeitwa Johannes Liechtenauer, mtu wa karne ya 14. Habari za maisha yake ni chache mno. Mswada uliohifadhiwa Nürnberg kwa nambari 3227a wasema kwamba si yeye aliyeibuni sanaa hii. Ilikuwako mamia ya miaka kabla yake, naye alizunguka nchi nyingi akiitafuta mpaka akaijua. Mswada huo ulihesabiwa kwa muda mrefu kuwa wa mwaka 1389, kwa ajili ya kalenda iliyomo ndani yake. Siku hizi wataalamu hawaioni kalenda hiyo kuwa ushahidi wa kutosha.

Liechtenauer aliyaweka mafundisho yake katika beti fupi, zenye vina vya mistari miwili miwili, na jumla yake huitwa Zettel. Beti hizo zahusu mapigano ya namna tatu: ya juu ya farasi, ya kwa miguu bila deraya, na ya kwa miguu mtu akiwa amevaa deraya. Upanga mrefu umo katika sehemu ya wapiganao bila deraya. Beti zilikuwa na kazi mbili: kumkumbusha aliyekwisha fundishwa, na kumficha asiyefundishwa. Ringeck, atakayetajwa hapa chini, aeleza wazi kwamba maneno yalifichwa makusudi, ili sanaa isienezwe ovyo na walimu wapuuzi. Mtu akizisoma peke yake huona majina, maonyo na maagizo yaliyokatwa, kama kwamba anasikia upande mmoja tu wa mazungumzo.

Lau beti zingalibaki peke yake, sanaa hii isingalisomeka. Lakini katika karne ya 15 waliotokea katika mkondo wa Liechtenauer waliziandikia sherehe. Neno hili latumika hapa kwa maana yake ya kitaaluma, yaani ufafanuzi wa matini, ubeti kwa ubeti. Ziko sherehe mbili zinazotegemewa zaidi. Moja ni ya Sigmund Ringeck, aliyekuwa mwalimu wa mapigano wa mtawala wa Bavaria aliyeitwa Albrecht, nayo imehifadhiwa katika mswada wa Dresden wenye alama C 487. Nyingine imo katika mswada wa mwaka 1452 uliopo Roma, wenye alama 44 A 8. Hiyo ilidhaniwa zamani kuwa ya Peter von Danzig, lakini sasa yahesabiwa kuwa ya mwandishi asiyejulikana. Utaratibu wa zote mbili ni mmoja: kwanza ubeti huandikwa, kisha huja maneno ya kuufungua, na mara nyingi mfano: adui akifanya hivi, wewe fanya vile.

Viko pia vitabu vya picha. Aliye mashuhuri kwa hivyo ni Hans Talhoffer, ambaye miswada yake ni ya mwaka 1443, 1459 na 1467. Picha zake ni nyingi na maneno yake ni machache. Picha hufaa sana kuonyesha mkono ulipo na mguu ulipo, lakini huonyesha dakika moja tu. Haisemi mpiganaji alitoka wapi, wala aelekea wapi, wala kama anashinda au anashindwa. Mwishoni kabisa, mwaka 1570, Joachim Meyer, mtu wa Basel aliyefanya kazi ya usu wa visu katika mji wa Strasbourg, alichapisha kitabu kikubwa chenye mafundisho yaliyopangwa kwa taratibu kwa ajili ya anayeanza.

Kurudi kwa maandishi haya katika macho ya wasomi kulianza karne ya 19. Gustav Hergsell alizichapisha picha za Talhoffer za mwaka 1467 katika mwaka 1887. Mwaka 1965 Martin Wierschin alitoa kitabu juu ya sanaa ya Liechtenauer, chenye matini ya Ringeck na faharasa ya maneno yake, na mwaka 1985 Hans-Peter Hils akafuata na uchunguzi wake wa miswada. Kazi hizo mbili zilikuwa za elimu ya maandishi ya kale. Wengi walioshika upanga baadaye walianza kwa kufungua vitabu vya wasomi wa lugha.

Mitego ya maneno

Kijerumani cha karne ya 15 kinafanana na cha leo kiasi cha kumdanganya msomaji. Mifano mitatu yatosha.

Sherehe ya Roma, ikilisifu pigo moja kuu, yaongeza kwamba pigo hilo si kitu ila pigo la mkulima, na sifa iliyotiwa hapo ni schlecht. Kwa Kijerumani cha leo neno hilo maana yake ni “baya”. Msomaji akilichukua hivyo, aona mwandishi analidharau pigo alilolisifu sasa hivi. Lakini zamani zile schlecht lilikuwa na maana ya kitu cha wazi, kisicho na madoido. Kinachosemwa ni kwamba pigo la kwanza la sanaa hii ni lile lile ambalo mtu yeyote asiyefundishwa angelipiga. Elimu iko katika yale yanayofuata. Basi tofauti ya neno moja hubadili mafundisho: mwanafunzi hatafuti pigo la ajabu, bali hulichukua pigo la kawaida na kulitia akili.

Mfano wa pili ni jina la mkao wa upanga, vom Tag. Tag ni siku, au mchana. Wako wanaodhani kwamba asili yake ni Dach, yaani paa, kwa kuwa tahajia ya wakati ule haikuwa imetulia. Ama iwe mchana ama iwe paa, maana yaelekea juu. Hata hivyo jina halitoshi, kwa sababu sherehe yasema upanga waweza kushikwa juu ya kichwa, mikono ikiwa imenyooshwa, au kuwekwa penye bega la kulia. Anayefuata jina bila kusoma sherehe hupoteza nusu ya mkao.

Mfano wa tatu ni neno Indes, ambalo sherehe hulihesabu kuwa miongoni mwa maneno makali kabisa ya sanaa hii. Maana yake yakaribia “papo hapo” au “wakati uo huo”. Lilibishaniwa hata na watu wa zamani wenyewe: Meyer mwaka 1570 aliwapinga waliosema kwamba latokana na neno la Kilatini intus, “ndani”, akalitetea kuwa ni la Kijerumani. Ugomvi huo si wa maneno matupu. Likiwa “ndani”, lamwambia mpiganaji aingie. Likiwa “papo hapo”, lamwambia asingoje jambo limalizike ndipo alijibu.

Mikao na mapigo

Liechtenauer alitaja mikao minne tu. Wa kwanza ni Ochs, ambao kwa Kiswahili waweza kuitwa Maksai: mpini huinuliwa kando ya kichwa, na ncha humwelekea adui usoni mithili ya pembe. Wa pili ni Pflug, Plau: mpini hushushwa kando ya nyonga, ncha ikipanda kuelekea uso wa adui. Wa tatu ni Alber, Mjinga: ncha huelekezwa chini mbele ya mwenyewe, na mwili wote huonekana wazi. Wa nne ni vom Tag, uliokwisha elezwa.

Mapigo makuu ni matano. Zornhau ni Pigo la Hasira, litokalo bega la kulia kwa mshazari. Krumphau ni Pigo la Kombo, lirushwalo juu ya mikono ya adui. Zwerchhau ni Pigo la Kukingama, upanga ukilala kama boriti mbele ya kichwa. Schielhau ni Pigo la Makengeza, lipigwalo kwa makali mafupi. Na mafundisho yanayolifuata humwagiza mpiganaji atupe jicho mahali pamoja na kupiga pengine, hata neno “makengeza” likawa na sababu mbili. Scheitelhau ni Pigo la Utosi, lishukalo kutoka juu.

Mapigo hayo hayakuwekwa pamoja kwa bahati. Pigo la Kombo huuvunja mkao wa Maksai, la Kukingama huuvunja vom Tag, la Makengeza huuvunja Plau, na la Utosi huuvunja Mjinga. Pigo la Hasira, kwa ncha yake, huyavunja mapigo yote yashukayo kutoka juu. Anayeyahifadhi matano hayo na mikao minne amehifadhi ramani, ingawa bado hajatembea njia.

Mfano wa somo moja

Njia yenyewe yaonekana vizuri katika Pigo la Hasira. Sherehe yafundisha hivi, kwa muhtasari. Adui akipiga kutoka juu upande wake wa kulia, nawe piga kwa nguvu kutoka bega lako la kulia, ili panga zikutane. Zikikutana, akiwa laini penye upanga, sukuma ncha moja kwa moja usoni mwake au kifuani. Akiutambua mchomo na kuusukuma kando kwa nguvu, usishindane naye; inua upanga wako juu ya bapa lake mpaka uachane nalo, ukapige upande wa pili wa kichwa chake. Lakini akikaa imara bila kukusukuma, kaa imara nawe, peleka sehemu ya nguvu ya upanga wako penye udhaifu wa upanga wake, sokota mpini mbele ya kichwa chako, na umchome kwa juu.

Hayo ni majibu matatu kwa hali tatu, na hali hizo haziwezi kujulikana kwa macho. Hujulikana kwa mikono, wakati chuma kinapogusana na chuma. Hilo ndilo liitwalo Fühlen, kuhisi. Aliyejifunza hujua kwa kuguswa tu kama adui ni mgumu au laini, na hujibu papo hapo. Hapa ndipo Indes linapopata maana yake, na hapa ndipo karatasi inapokoma. Sherehe haiwezi kusema “laini” ni laini kiasi gani. Haitaji kwa vipimo umbali baina ya watu wawili, wala mwendo wa mkono. Kwa hiyo wanafunzi wa leo huwekana wawili wawili, panga zikiwa zimegusana. Mmoja hufumba macho, mwenziwe hukaza au hulegeza, na aliyefumba hulazimika kujibu kwa alichohisi. Zoezi hilo limebuniwa ili kulijaza pengo lililoachwa na mwalimu aliyekufa.

Namna ya kupima tafsiri

Kwa kuwa hakuna aliyepokea kwa mkono, kila linalofundishwa leo ni tafsiri, na tafsiri hupimwa kwa mambo matatu. La kwanza ni neno: je, matini yaruhusu tendo hili, bila kuongezwa lisilokuwamo? La pili ni mwili: je, tendo laweza kufanywa kwa upanga wa uzito wa kweli, dhidi ya mtu asiyekubali kushindwa? La tatu ni ushahidi wa miswada mingine: je, sherehe ya Roma yakubaliana na ya Dresden, na picha za Talhoffer zasemaje? Tafsiri ikianguka katika moja, mwanafunzi hurudi kitabuni.

Katika kupima huko iko hatari ya kuchanganya zama. Kitabu cha Meyer ndicho kilicho wazi kuliko vyote, na anayeanza huvutwa nacho. Lakini kati ya beti na kitabu hicho imepita zaidi ya karne nzima. Katika siku za Meyer upanga mrefu ulikuwa umekwisha geuka mchezo wa vyama vya mijini, na mwenyewe aeleza kwamba kuchoma kwa upanga huo kulikuwa kumeachwa miongoni mwa Wajerumani. Anayezifungua beti za Liechtenauer kwa ufunguo wa Meyer huzikuta zimepungukiwa ncha, ambayo katika Pigo la Hasira ndiyo roho ya somo.

Hatari ya pili ni ya vifaa. Wanafunzi wa leo hutumia panga za mti au za chuma butu, huvaa kofia za waya usoni, glavu nene na makoti yaliyojazwa. Pasipo hivyo wangeumizana, na sanaa isingejaribiwa hata kidogo. Lakini mtu asiyeogopa kufa huthubutu mambo ambayo mwenye kichwa wazi asingeyathubutu. Humpiga mwenziwe naye akipigwa wakati uo huo, kisha hujihesabu kuwa ameshinda. Beti za Liechtenauer ziliwakusudia watu ambao kosa moja lingewaua. Kwa hiyo walimu wenye busara huwauliza wanafunzi wao baada ya kila pambano, si nani aliyegusa kwanza tu, bali nani angeondoka mzima.

Tukio la kujifunza upanga mrefu lina basi mipaka inayojulikana. Majina yamerudi, mpangilio wake umerudi, na sababu za matendo mengi zimerudi, kwa kuwa washereheshaji walizieleza. Wepesi wa mkono na hesabu ya umbali haviwezi kuthibitishwa kuwa ni vile vile. Navyo hupatikana upya kwa jasho, chini ya usimamizi wa matini. Hakuna awezaye kusema kwa haki, “Hivi ndivyo Liechtenauer alivyopiga.” Awezalo kusema ni kwamba apiga kwa namna ambayo beti zairuhusu, sherehe yaiunga mkono, na mpinzani hodari hakuweza kuizuia.

Mwandishi wa mswada wa Nürnberg aliyatambua haya mapema. Aonya kwamba mapigano hayawezi kusemwa wala kuandikwa kwa uwazi kama yanavyoweza kuonyeshwa kwa mkono, naye amhimiza msomaji atumie akili na kufanya mazoezi. Baada ya kusema hivyo hakuitupa kalamu. Aliendelea kuandika kadiri maneno yalivyoweza kubeba. Mikono iliyoonyesha ilikwisha oza zamani, na karatasi yake ndiyo inayofunguliwa leo kabla ya upanga kuinuliwa.